51 Pegasi: nyota itafute kwa macho, sayari yake ipate kwa kikokotoo

Mpwa wangu wa kidato cha tano aliniuliza kama kuna nyota yenye sayari ambayo yeye mwenyewe anaweza kuiona akiwa nyumbani, bila kulipa nauli kwenda popote. Ipo. Inaitwa 51 Pegasi, na haya ni majibu yangu kwake, nimeyapanua kidogo ili yamfae yeyote aliye Tanzania au Kenya mwenye uwanja wa giza na kikokotoo cha shule. Mimi ni mpima ardhi wa Kondoa. Maisha yangu ni bikoni, vigingi na ugomvi wa majirani juu ya mpaka wa hatua tatu. Kwa hiyo nitaelekeza kama ninavyomwelekeza kibarua mgeni: kwanza shika alama inayoonekana toka mbali, halafu pima kuanzia hapo.

Tuelewane mapema. Utakachokiona ni nyota. Sayari yake hutaiona, si kwa darubini yako wala ya rafiki yako mwenye pesa. Hata waliogundua kwamba ipo, Michel Mayor na Didier Queloz wa Chuo Kikuu cha Geneva, hawakuiona. Walipima nyota ikiyumba, wakapiga hesabu, wakatangaza huko Florence, Italia, tarehe 6 Oktoba 1995. Ilikuwa sayari ya kwanza kuthibitishwa kando ya nyota inayofanana na Jua letu, na mwaka 2019 wawili hao walipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia. Basi kazi yetu nayo ina nusu mbili, ya macho na ya kikokotoo. Kwangu mimi ya pili ndiyo tamu, usiishie njiani.

Saa na msimu

Hapa Kondoa 51 Pegasi hufika juu kabisa saa sita usiku katikati ya Septemba. Kila siku huwahi kwa dakika nne, kwa hiyo katikati ya Oktoba inafika saa nne kasoro kidogo, mwanzoni mwa Novemba saa tatu kasoro, na katikati ya Novemba saa mbili. Aliye Dar es Salaam atoe kama robo saa, wa Kigoma aongeze kama dakika 25, maana saa zetu za mkononi ni moja lakini anga haizifuati.

Mimi hupenda Oktoba na nusu ya kwanza ya Novemba, mvua za huku hazijaanza. Watu wa pwani, wa kaskazini na wa Kenya wana vuli ya kuwaharibia, wao afadhali waanze Septemba na wakubali kukesha. Kuanzia Februari hadi Aprili usihangaike kabisa, kwa sababu Jua linakuwa upande huohuo wa anga. Jambo hilo liliwatesa hata wagunduzi. Januari 1995 Queloz alikuwa tayari ana hakika na namba zake, lakini nyota ikazama kwenye mwanga wa Jua, ikabidi wasubiri hadi Julai ndipo waipime tena na kuona kama itafuata ratiba waliyokuwa wameikokotoa. Ilifuata.

Mwezi ni adui. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana kazi rahisi: kwa saa mbili na saa tatu usiku, chagua siku kuanzia mwezi 20 hadi mwezi 4 unaofuata. Siku nyingine zote mbalamwezi itakuwa juu inakucheka.

Kuhusu ukali wa mwanga: wanafalaki huzipa nyota namba, na namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu. Jicho zima kwenye giza safi huishia kama 6. Nyota yetu ni 5.5. Maana yake kijijini, mbali na taa, utaiona kwa shida kwa macho matupu. Dodoma mjini au Nairobi hutaiona bila darubini, ila kwa darubini ndogo ya mkononi, ile ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50, inaonekana wazi. Usinunue kubwa zaidi kwa kazi hii. Kubwa inatikisika mikononi na inaonyesha kipande kidogo cha anga, na wewe hapa unataka kipande kikubwa.

Anza kwa kutazama kusini

Najua nyota yenyewe iko kaskazini. Vumilia, hii ndiyo sehemu ninayojivunia, na sijaikuta kwenye mwongozo wowote wa Ulaya, kwa sababu huko haiwezekani.

Tazama kusini, juu sana. Kuna nyota moja nyeupe inayong'aa peke yake kwenye eneo lisilo na nyota nyingine za maana. Hiyo ni Fomalhaut. Huko London inatambaa karibu na ardhi. Kwetu inapanda hadi digrii 65. Sasa sikiliza. Fomalhaut na 51 Pegasi ziko kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini kiasi kwamba zinafika juu kabisa karibu dakika ileile. Na ukiwa Kondoa, Babati au Tabora, kimo chao ni karibu sawa: Fomalhaut digrii 65 upande wa kusini, 51 Pegasi kama digrii 64 upande wa kaskazini, na utosi wako katikati yao. Kwa mpima ardhi hiyo ni zawadi. Fomalhaut ikiwa kusini barabara, nyosha mkono kuielekea, upitishe juu ya kichwa chako hadi uinamie kaskazini kwa kiasi kilekile, umefika kwenye mtaa wa nyota yetu. Nairobi mizani inapinda kidogo, Fomalhaut inakuwa digrii 62 na 51 Pegasi 68. Mtwara ni kinyume chake, 71 kusini na 59 kaskazini.

Jihadhari na sayari tu. Zohali au Mshtarii zikipita upande huo zinaweza kukudanganya. Nyota humetameta, sayari hutulia.

Mraba

Sasa geukia kaskazini. Ningekushauri ulale chali kwenye mkeka, shingo ya mtu mzima haikuumbwa kutazama digrii 64 kwa nusu saa. Zima simu, au funga kitambaa chekundu kwenye taa yake, na uyape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza.

Utatafuta nyota nne zinazofanya mraba mkubwa, kila upande ukizidi ngumi moja kidogo. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama digrii 10, kidole kidogo ni digrii moja. Wapima ardhi na mabaharia wameishi kwa vipimo hivyo. Ndani ya mraba karibu hakuna kitu, na huo utupu ndio unaoutambulisha. Kwa sehemu kubwa ni wa kundinyota la Pegasus, yule farasi wa hadithi za Wayunani. Ramani nyingi za nyota zimechorwa kwa watu wa kaskazini ya dunia, kwa hiyo zipindue juu chini. Kwetu, ukitazama kaskazini, kona ya juu kushoto ni Markab, ya chini kushoto ni Scheat, ya juu kulia ni Algenib, ya chini kulia ni Alpheratz. Ukitaka kuhakiki, Scheat ina wekundu kidogo, kwa sababu ni jitu jekundu, nyota iliyozeeka na kuvimba. Markab ni nyeupe yenye ubuluu. Darubini inaonyesha tofauti hiyo vizuri.

Acha upande wa kulia. Shughuli yetu iko nje ya ubavu wa kushoto. Kutoka Scheat, nenda kushoto na juu kama nusu ngumi, utakuta nyota mbili zimekaa karibukaribu. Iliyo karibu zaidi na Scheat, na angavu kuliko mwenzake, ni Mu Pegasi. Sasa una bikoni mbili: Mu Pegasi na Markab. Vuta kamba kati yake. Kutoka Mu, tembea sehemu mbili kati ya tano za kamba hiyo kuelekea Markab. Hapo, ikisogea kulia kwa upana mdogo kuliko nusu ya kidole kidogo, iko 51 Pegasi.

Ukiwa na darubini, weka Mu ukingoni mwa duara, upande wa chini kushoto, na nyota yetu itakuwa ndani ya duara hilohilo, kwani umbali baina yake ni digrii nne na kitu, na darubini ya aina hii huonyesha digrii sita hadi saba. Kama unatumia macho matupu, usiikodolee. Tazama pembeni kidogo, na itajitokeza. Sehemu ya jicho inayohisi mwanga hafifu haipo katikati. Ukibaki na shaka, fungua Stellarium, programu ya ramani ya anga, kwenye simu baada ya kuangalia, siyo kabla, na uandike HIP 113357 au HD 217014. Ni nyota ileile, kila ofisi imeipa namba yake, kama viwanja vyetu.

Kwa sura haivutii. Kitone. Lakini mwanga unaoingia jichoni mwako ulitoka huko miaka kama 50 iliyopita, na kando ya kitone hicho kuna dude lenye tungamo la angalau Dunia kama 150 linalozunguka haraka kuliko wiki inavyokwisha. Twende tukalipime.

Namba tatu

Mayor na Queloz walitumia darubini yenye kioo cha mita 1.93 kwenye kituo cha Haute-Provence, kusini mwa Ufaransa, iliyofungwa kifaa kinachoitwa ELODIE cha kuchambua mwanga wa nyota kuwa mistari. Nyota ikija kwetu mistari husogea upande wa buluu, ikienda zake husogea upande wa nyekundu. Kusogea kwenyewe ni kudogo mno: wimbi la nanomita 500 linabadilika kwa nanomita 0.00009 tu. Nyota inakuja na kurudi kwa kasi ya mita 56 kwa sekunde, yaani kama kilomita 200 kwa saa, na mzunguko mmoja unachukua siku 4.23.

Kwa nini nyota iyumbe? Shikana mikono na mtoto mzunguke pamoja. Mtoto anachora duara kubwa, lakini wewe nawe husimami palepale, unachora duara dogo. Asiyemwona mtoto angeweza kumjua kwa kukutazama wewe tu.

Basi tuna siku 4.23, tuna mita 56 kwa sekunde, na ya tatu ni tungamo la nyota, ambalo ni kama mara 1.1 ya Jua. Andika juu ya karatasi.

*Umbali.* Johannes Kepler alituachia kanuni: umbali kwa kipeo cha tatu ni sawa na tungamo la nyota mara muda kwa kipeo cha pili, ukipima umbali kwa kulinganisha na ule wa Dunia hadi Jua na muda kwa miaka. Siku 4.23 gawa kwa 365.25, unapata mwaka 0.01158. Zidisha kwa yenyewe: 0.0001341. Zidisha kwa 1.1: 0.0001475. Kipeuo cha tatu: 0.0528. Zidisha kwa kilomita milioni 149.6, inakuja kilomita milioni 7.9.

Simama hapo kwanza. Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua letu, iko kilomita milioni 58. Hii iko karibu mara saba zaidi. Ndiyo maana wengi hawakuwa wakitafuta huko. Walitegemea sayari kubwa kama Mshtarii, inayotumia karibu miaka 12 kuzunguka. Mwanafalaki Otto Struve alikuwa ameandika mwaka 1952 kwamba hakuna kinachozuia sayari kubwa kukaa karibu hivyo na nyota yake, na kwamba zingeweza kupimika. Karibu hakuna aliyelifuatilia. Leo maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sayari za namna hii huzaliwa mbali, kwenye baridi, halafu husogea ndani.

*Kasi ya sayari.* Duara lake ni 2 mara 3.1416 mara kilomita milioni 7.9, yaani milioni 49.6. Siku 4.23 ni sekunde 365,472. Gawa: kilomita 136 kwa sekunde. Dunia yetu inakwenda 30.

*Tungamo.* Hapa ndipo mpwa wangu alipoinua kichwa. Kile kilicho chepesi kinakwenda kasi, kizito kinakwenda pole, na uwiano ni uleule. Nyota inakwenda mita 56, sayari mita 136,000. Gawa ya kwanza kwa ya pili: 0.000412. Zidisha kwa 1.1: 0.000453 ya Jua. Mshtarii ni sehemu moja ya 1,047 ya Jua, kwa hiyo zidisha kwa 1,047. Kikokotoo kinasema 0.47. Karibu nusu ya Mshtarii, na ndiyo namba utakayoikuta kwenye majedwali ya wataalamu. Umeipata kwa kikokotoo cha kidato.

Ila kuna sharti la kiupimaji. Mita 56 ni ile sehemu ya mwendo inayokuja upande wetu. Kama mzunguko umelala kwa pembe, mwendo wenyewe ni mkubwa zaidi na sayari nzito zaidi. Kwa hiyo 0.47 ni kiwango cha chini. Ukiandika bila neno "angalau" mimi nitakurudishia ramani.

*Joto.* Chukua joto la uso wa nyota, kelvini 5,790. Nusu kipenyo chake ni mara 1.2 ya Jua, kama kilomita 835,000. Gawa hiyo kwa mara mbili ya umbali, kilomita milioni 15.8, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 5,790. Utapata kama kelvini 1,330, yaani nyuzi 1,060 za selsiasi, kama sayari inameza mwanga wote na kuugawa sawasawa. Sufuria ya alumini huyeyuka kwenye 660. Na nyota ukiitazama kutoka huko ina upana wa digrii 12. Ngumi yako isingetosha kuiziba, wakati Jua letu, lenye nusu digrii, linazibwa na kidole kidogo.

Majina rasmi yapo: tangu 2015 nyota inaitwa Helvetios na sayari Dimidium. Mimi naendelea na 51 Pegasi, nimeshaizoea.

Ya jirani, ambayo hupita mbele

Sayari ya 51 Pegasi haipiti mbele ya nyota yake tukiitazama toka hapa, kwa hiyo ukubwa wake hatuupimi kwa njia rahisi. Lakini ndani ya Pegasus hiyohiyo kuna HD 209458, inayoonekana kwa darubini ya mkononi ukiwa na ramani nzuri, na sayari yake hupita mbele kila siku 3.52. Ilikuwa ya kwanza kunaswa ikipita, mwaka 1999. Mwanga hupungua kwa kama asilimia 1.5 kwa muda wa saa tatu hivi. Kipeuo cha pili cha 0.015 ni 0.122, zidisha kwa nusu kipenyo cha nyota, kama kilomita 807,000, unapata karibu kilomita 99,000. Mshtarii ni 71,500. Nyepesi kuliko Mshtarii, lakini imevimba.

Jicho haliwezi kuona upungufu wa asilimia 1.5, usijidanganye. Kamera kwenye stendi yenye injini ya kufuata anga inaweza.

Zoezi

Mwaka 2019 nchi mbalimbali zilipewa nafasi ya kutoa majina. Kenya iliipa nyota HD 83443 jina Kalausi na sayari yake Buruk, maneno ya Kijaluo. Tanzania ilipata WASP-71, iliyo kwenye kundinyota la Cetus. Nyota ikawa Mpingo na sayari Tanzanite. Mpingo ni joto na kubwa kuliko Jua, na hafifu mno kwa darubini ya mkononi, ukali wake ni kama 10.6. Lakini kikokotoo hakijali ukali. Muda ni siku 2.90, tungamo la nyota mara 1.5 hivi ya Jua. Rudi kwenye kanuni ya Kepler, fanya mwenyewe. Ukipata kilomita milioni 6.8 au karibu na hapo, uko sawa. Ukipata milioni 680, angalia uliweka wapi nukta ya desimali.